Alama za Vidole

Mimi ndiye mwenye kitambaa.
Saa kumi na moja, wakishatoka wote,
hukipulizia kioo dawa ya bluu
na kuifuta siku nzima kwa mkono mmoja.

Kililetwa mwezi wa nne, katika sanduku refu kama jeneza,
kikasimamishwa hapa Kisumu kati ya vyungu na nyoka.
Ndani yake mna mwamba wa kule Teso,
ule wenye michoro: ng'ombe wasio na vichwa,
duara ndani ya duara,
mstari mwekundu ambao hata wenye shahada wanaubishania.
Juu yake pameandikwa GUSA.
Ukutani, hatua mbili kando, kibao cha zamani: USIGUSE.
Watoto husoma vyote viwili, kisha hunitazama mimi.

Nimewajua watu kwa vidole vyao.
Wa shule za msingi huanza na kiganja,
wakigonga kama mlango wa jirani aliyenuna.
Ng'ombe hukua, hukua,
mpaka anabaki miraba ya rangi ya matofali,
na mvulana mmoja, Wafubwa, jina limeshonwa kwenye sweta,
anauliza, "Mwalimu, ameenda wapi?"
Mwalimu Oduol anasema songa mbele, foleni ni ndefu.

Wa chuo hutafuta kwanza pa kupigia picha.
Mwamba huwa nyuma ya mabega yao;
huondoka nao simuni bila kuugeukia.
Bwana mmoja wa suti, Jumanne, alibonyeza kitufe cha lugha:
Kiswahili, Kiteso, Kiswahili, Kidholuo,
Kiteso tena,
hakusikiliza hata moja hadi mwisho.
Nadhani alikuwa anatafuta sauti ya mtu fulani.

Waliokula samaki kule ziwani kabla ya kuja, nawajua.
Mafuta ya mbuta hayafichiki.
Huacha upinde mdogo wa mvua juu ya mgongo wa ng'ombe wa kale;
naona haya kuufuta,
halafu naufuta.

Kisha akaja Akisa,
mjukuu kambebea mkoba,
analalamikia ngazi, analalamikia bei ya tikiti, analalamikia goti.
Hakugusa. Alizunguka nyuma ya kioo
akakuta nyaya, na vumbi langu.
"Mgongo wake uko wapi?
Nyuma kule palikuwa na upenyo, tukiingiza mbuzi mvua ikipiga.
Na chini, kushoto, mimi na Amoit
tuliandika majina yetu kwa mkaa. Tulichapwa!"

Mjukuu akavuta picha chini, kushoto.
Akavuta tena.
Mwamba safi.
Waliouleta ndani ya kioo walikwisha mfuta Amoit
kwa ustadi, bila kubakiza hata kivuli,
kama nifutavyo mimi.

Akisa akaweka kiganja pale pale, vidole vyote vitano,
na mashine haikujua la kufanya na vitano kwa pamoja:
mwamba ukatetemeka, ukarudi mwanzo,
sauti ya binti ikasema, "Karibu."
"Ahsante," akajibu, kwa sababu alilelewa.
Kisha, kwa mjukuu: "Halina baridi.
Jiwe lile lilikuwa baridi hata Januari."

Ndipo stima ikapotea.
Kioo kikawa cheusi, na mwanga wa dirisha
ukazionyesha zote kwa mpigo mmoja:
alama za asubuhi, za wa sweta, za wa suti, za mbuta,
zimepandana kama kundi linalovuka mto,
na chini, kushoto, kiganja kimoja kizima.
Tulisimama tukitazama, sisi watatu.
Jenereta ikakohoa. Ng'ombe wakarudi.

Jioni nilianza kufutia juu.
Nikamaliza ng'ombe, nikamaliza duara,
askari akiita getini, funguo zikigongana.

Asubuhi msimamizi akainama, akanyoosha kidole.
"Hapa umesahau."
Nikasema ndiyo,
nimesahau.